Kama wote waliandamana, mbona nchi ilibaki kwa mashehe?

Swali: Nafundisha historia kidato cha tano hapa Tanga. Juzi tulikuwa kwenye mada ya mapinduzi ya karne ya 20, nikaeleza jinsi Wairani walivyomng'oa Shah, yaani mfalme wao Mohammad Reza, mwaka 1979: wanafunzi wa vyuo, wanawake wa mjini, wafanyakazi wa mafuta, wafanyabiashara, mashehe, wote barabarani. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama walikuwa wote, mbona waliobaki na nchi ni mashehe peke yao? Wengine walilala?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Mwenzangu wa ofisini anasema yote ni kazi ya Marekani tangu mapinduzi ya 1953. Naomba msaada.

Jibu: Mwalimu, mpe huyo binti alama zake, maana ameuliza swali ambalo Wairani wenyewe hawajamaliza kugombana nalo.

Hawakulala. Walikuwa wamevunjwa miguu kabla ya mbio kuanza. Shah alitumia miaka 25 kufunga vyama, magazeti na jumuiya za wafanyakazi, kimoja baada ya kingine. Msikiti alishindwa kuufunga. Siku alipopanda ndege, ni kundi moja tu lililokuwa na ofisi kila mtaa, msemaji kila Ijumaa na mfuko wa fedha usiopitia hazina ya serikali. Hilo ndilo jibu langu. Ila darasani halitatosha mpaka ueleze kwa nini msikiti haukufungika, na kwa hilo itabidi uanze na tumbaku.

Mwaka 1890 Naser al-Din Shah, mfalme wa ukoo wa Qajar aliyependa safari za Ulaya kuliko hazina yake ilivyoweza kumudu, alimpa Mwingereza aitwaye Meja Talbot haki ya peke yake ya kununua na kuuza tumbaku yote ya Iran kwa miaka 50. Badala yake mfalme angepata pauni 15,000 kwa mwaka na robo ya faida. Watu wengi wanaosoma habari hii hudhani tumbaku ilikuwa starehe ya wachache. La. Ilikuwa zao la mkulima, mzigo wa msafirishaji, riziki ya mwenye duka na burudani ya karibu kila nyumba, wake kwa waume. Mfalme alikuwa amechukua kitu kilichomo mikononi mwa kila mtu akakiuza kwa mgeni.

Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mwanachuoni mkubwa wa Kishia wa zama hizo: kuanzia leo, kutumia tumbaku kwa namna yoyote ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yule imamu wa kumi na mbili ambaye Washia wanamngoja. Nchi ikaacha kuvuta. Maduka yakafungwa, na inasimuliwa kwamba hata ndani ya jumba la mfalme wake zake waliziweka shisha kando. Januari 1892 mkataba ukafutwa. Kampuni ilidai fidia, na ili kulipa pauni 500,000 serikali ikakopa kwenye benki iliyomilikiwa na Waingereza. Hapo ndipo deni la nje la Iran lilipoanzia: walikopa ili wanunue tena tumbaku yao wenyewe.

Sasa waulize wanafunzi: huyo Shirazi alikuwa akiishi wapi? Samarra, Iraq, chini ya dola ya Uthmaniya, mahali ambapo polisi wa Shah hawafiki. Na alikuwa anaishi kwa fedha za nani? Za waumini. Ukiwa jirani wa Waithnasheri wa Dar es Salaam au Mombasa utakuwa umesikia habari ya khumsi, moja ya tano ya ziada ya kipato ambayo Mshia hutoa na kuipeleka kwa mwanachuoni anayemfuata, yaani marjaa. Haipitii wizarani. Shehe wa Kishia aliyefikia cheo hicho hapewi mshahara na mfalme, kwa hiyo mfalme hana cha kumkatia. Na wanaotoa khumsi nono ni nani? Wafanyabiashara wa bazari, lile soko kuu lenye mapaa ya matao ambalo kila mji mkubwa wa Iran unalo. Bazari na msikiti hupakana ukuta kwa ukuta, huoana, hukopeshana, huzikana. Uhusiano huo ndio mashine iliyoendesha siasa za Iran kwa miaka karibu mia, na serikali iliyougusa ilijuta. (Neno lenyewe "serikali", kama hujui, tulilipata kwa Waajemi, pamoja na "bandari". Wanafunzi wako wa pwani wataleta pia habari ya Washirazi wa kwao. Waambie hilo ni somo la siku nyingine, na wanahistoria hawajakubaliana.)

Miaka 14 baada ya tumbaku ikawa sukari. Desemba 1905 bei ilipanda, gavana wa Tehran akaamuru wafanyabiashara wa sukari wachapwe nyayoni hadharani. Bazari ikafungwa. Wafanyabiashara na mashehe wakaenda kuomba hifadhi kwenye ziara (kaburi takatifu) ya Shah Abdol-Azim, kusini mwa mji. Iran ilikuwa na desturi hiyo, iliitwa bast: mahali patakatifu, na hata zizi la mfalme, mtu akiingia hakamatwi. Kiangazi cha 1906 desturi ikachukua sura ambayo mimi kila nikiisimulia natabasamu. Watu kati ya 12,000 na 14,000 walihamia kwenye bustani ya ubalozi wa Uingereza. Kila chama cha mafundi kilisimika hema lake, washona viatu huku, wachapaji kule, masufuria makubwa yakawekwa jikoni, na jioni wasomi wakawa wanawafundisha wachuuzi maana ya neno "katiba". Walikuja wakidai haki dhidi ya gavana mmoja, wakatoka wakidai bunge. Agosti 5, 1906 Mozaffar al-Din Shah akakubali, na Desemba 30 akatia saini katiba akiwa mgonjwa. Siku chache baadaye akafa.

Mwalimu, tarehe hiyo iandike ubaoni kwa chaki ya rangi. Wairani walikuwa na bunge lililochaguliwa wakati sehemu kubwa ya Afrika na Asia ingali inagawanywa na wakoloni. Mtu akikuambia watu wale wamezoea kutawaliwa tu, mwonyeshe 1906.

Na swali la binti lilizaliwa mwaka huohuo. Mashehe hawakuwa upande mmoja. Wengine, Seyyed Mohammad Tabatabai na Seyyed Abdollah Behbahani, walikuwa vinara wa katiba. Lakini Shehe Fazlollah Nuri, aliyekuwa nao mwanzoni, aligeuka. Wenzake walisema "mashruteh", utawala wenye mipaka ya katiba. Yeye akasema "mashru'eh", utawala wa sharia. Ukiyasikia kwa haraka utadhani ni neno moja. Bunge lilimpoza kwa kifungu cha nyongeza mwaka 1907: wanachuoni wasiopungua watano wapitie kila muswada waone kama unapingana na Uislamu. Kifungu hakikutekelezwa ipasavyo hata siku moja, ila hakikufutwa pia. Nuri alinyongwa hadharani Julai 1909 na wapenda katiba walioshinda. Miaka 70 baadaye wazo lake lilirudi likiwa na jeshi.

Kwa nini katiba ile haikudumu? Hapa mwenzako wa ofisini anapata nusu ya alama, isipokuwa Marekani wakati huo haikuwamo. Mwaka 1907 Uingereza na Urusi zilikaa chini, bila Mwirani hata mmoja mezani, zikaigawa nchi katika maeneo ya ushawishi: kaskazini kwa Urusi, kusini-mashariki kwa Uingereza. Juni 1908 mfalme mpya, Mohammad Ali Shah, alilipiga bunge mizinga kwa kutumia brigedi ya Kosaki, kikosi cha Kiirani kilichoongozwa na afisa wa Kirusi. Mji wa Tabriz uligoma kusalimu amri. Huko alipigana Sattar Khan, kiongozi wa wapiganaji wa katiba, na Aprili 1909 mwalimu kijana wa Kimarekani, Howard Baskerville, akafa akipigana bega kwa bega na wanafunzi wake wa Kiirani. Wakashinda, Tehran ikatekwa Julai 1909, mfalme akafukuzwa. Mwaka 1911 Urusi ikatoa amri ya mwisho, bunge likafungwa tena. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Urusi, Uingereza na Uturuki yakapita humo kama njia ya ng'ombe, na njaa ikaua watu wengi mno.

Baada ya balaa hilo watu hawakuuliza tena katiba iko wapi. Waliuliza nani ataleta usalama. Aliyejibu ni afisa wa ile brigedi ya Kosaki, Reza Khan, aliyeingia Tehran na askari wake Februari 1921 na kufikia Desemba 1925 akawa mfalme wa kwanza wa ukoo wa Pahlavi. Simpendi, lakini siwezi kumnyima chake: Chuo Kikuu cha Tehran mwaka 1934, reli kutoka Ghuba hadi Bahari ya Kaspi mwaka 1938, mahakama zilizotoka mikononi mwa mashehe, shule kila mahali. Alijenga hayo huku bunge akiliacha likiwa pambo. Mwaka 1935 askari wake walifyatua risasi dhidi ya waandamanaji katika msikiti wa Goharshad, Mashhad. Januari 1936 akapiga marufuku hijabu, na polisi wakawa wanawavua wanawake barabarani. Shika jambo hilo, tutalirudia. Agosti 1941 Waingereza na Wasovieti walivamia, wakamlazimisha kumwachia mwanawe, Mohammad Reza, kiti. Yeye wakamsafirisha hadi Morisi, kisha Johannesburg, akafia huko Afrika Kusini Julai 1944.

Sasa mafuta, maana bila mafuta hadithi ya 1953 haieleweki. Mkataba wa kwanza ulitolewa mwaka 1901 kwa William Knox D'Arcy: miaka 60, na Iran ipate asilimia 16 ya faida. Mafuta yakapatikana Masjed Soleyman mwaka 1908. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi za kampuni, kwa sababu meli zake za kivita zilikuwa zinahama kutoka makaa kwenda mafuta. Kufikia miaka ya 1940 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Abadan kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani, na serikali ya London ilikuwa inapata kodi nyingi kutoka kwenye kampuni hiyo kuliko mrabaha waliopata Wairani wenye mafuta. Wafanyakazi wa Kiirani walikaa vibandani, Waingereza kwenye nyumba zenye bustani na klabu.

Mohammad Mosaddegh alikuwa mwanasheria wa ukoo mkubwa, mzee mwenye kulia hadharani na kupokea wageni akiwa kitandani, na aliyeamini kwa dhati katiba ya 1906: mfalme akae kitini, bunge litawale. Machi 1951 bunge likataifisha mafuta, na mwezi uliofuata Mosaddegh akawa waziri mkuu. Uingereza ikazuia meli zisibebe mafuta ya Iran. Hazina ikakauka. Julai 1952 Shah alipojaribu kumweka waziri mkuu mwingine, watu walijaa barabarani, wengi wakauawa, na baada ya siku chache Mosaddegh akarudi.

Mwambie mwenzako kwamba ni kweli, mwaka 1953 Marekani na Uingereza zilipanga mapinduzi. Shirika la ujasusi la Marekani lenyewe lilitoa nyaraka za kukiri mwaka 2013. Ubalozi wa Uingereza ulikuwa umefungwa tangu Oktoba 1952, kwa hiyo London ilihitaji mkono wa Washington. Rais Truman alikuwa amekataa, mrithi wake Eisenhower akakubali kwa kuambiwa kuwa Wakomunisti wa chama cha Tudeh watainyakua nchi. Aliyetumwa, jasusi wa Marekani Kermit Roosevelt, aligawa fedha. Usiku wa Agosti 15 jaribio la kwanza lilishindwa, na Shah akakimbilia Baghdad, kisha Roma. Agosti 19 la pili likafaulu.

Ila kuna nusu ya pili ambayo watu huisahau, na bila hiyo huwezi kumjibu binti. Fedha za kigeni zilipita kwenye nyufa zilizokuwepo. Ayatollah Kashani, aliyekuwa mshirika mkuu wa Mosaddegh msikitini, alikuwa amekwisha kumwacha. Sehemu ya bazari ilichoshwa na ukata. Mosaddegh mwenyewe mwezi huohuo alikuwa amevunja bunge kwa kura ya maoni ambamo sanduku la "ndiyo" liliwekwa mbali na sanduku la "hapana", jambo ambalo hata wafuasi wake hulieleza wakitazama chini. Wale mashehe, wafanyabiashara na wasomi waliokuwa pamoja 1906 walikuwa wameachana. Palipobaki watu wachache wa kumtetea, vifaru vichache vilitosha. Mosaddegh alifungwa miaka mitatu, kisha akazuiwa kijijini kwake Ahmadabad hadi alipokufa Machi 1967. Hakuruhusiwa kuzikwa na waliouawa 1952 kama alivyotaka. Alizikwa ndani ya nyumba yake, chini ya sakafu ya chumba cha kulia chakula.

Shah, Mohammad Reza, alirudi akiwa mtu mwingine: aliyewahi kukimbia na asiyetaka kukimbia tena. Mwaka 1957 akaunda SAVAK, polisi wa siri. Chama cha Mosaddegh kikabanwa, Tudeh ikasagwa, vyama vya wafanyakazi vikawekewa makachero. Mwaka 1963 akatangaza kile alichokiita Mapinduzi Meupe: kugawa ardhi, kura kwa wanawake, walimu vijijini. Mengi yalikuwa mambo mema. Ila yaliamriwa kutoka juu na mtu ambaye hakutaka kuulizwa. Aliyemuuliza ni shehe mmoja wa Qom, mji wa vyuo vya dini, Ruhollah Khomeini. Alikamatwa Juni 1963, ghasia zikalipuka na watu wakauawa. Akaachiwa. Oktoba 1964 akazungumza tena, safari hii kuhusu sheria iliyowapa Wamarekani wa kijeshi kinga dhidi ya mahakama za Iran. Hapo hakuwa anazungumza kama shehe tu. Alikuwa anasema kile ambacho Mosaddegh angekisema, na wasomi wengi wasioswali walimsikiliza. Novemba 4 akapelekwa uhamishoni Uturuki, mwaka uliofuata Najaf, Iraq. Yaani Shah alimpeleka mpinzani wake kulekule ambako wanachuoni wa Kishia hawafikiwi na mfalme wa Iran.

Miaka ya 1970 fedha za mafuta zikafurika na busara ikapungua. Mwaka 1971 zilifanyika sherehe kwenye magofu ya kale ya Persepolis za miaka 2,500 ya ufalme. Mwaka 1975 vyama vyote vikafutwa kikabaki kimoja, Rastakhiz. Mwaka 1976 kalenda ikabadilishwa isihesabu tena kutoka Hijra bali kutoka kwa Koreshi mfalme wa kale, watu wakaamka asubuhi wakaambiwa ni mwaka 2535. Na bei zilipopanda kwa sababu ya fedha nyingi, Shah alilaumu bazari. Vijana wa chama walipelekwa madukani kukagua bei, maelfu ya wenye maduka wakatozwa faini au kufungwa. Ukiniuliza kosa lake kubwa ni lipi, sitataja SAVAK wala Persepolis. Nitataja hili la kumvamia mwenye duka dukani kwake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Usiku wa kuamkia mwaka 1978 Rais Carter, akiwa mezani Tehran, alimsifu Shah kwa kuifanya Iran kisiwa cha utulivu. Wiki moja baadaye gazeti moja lililoegemea serikali likachapa makala ya kumtukana Khomeini. Wanafunzi wa dini Qom wakaandamana Januari 9, wakapigwa risasi. Na hapa wanafunzi wako wataelewa bila maelezo marefu, maana arobaini wanaijua. Siku ya 40 Tabriz ikasoma arobaini ya wafu wa Qom, wakauawa wengine. Siku ya 40 tena, Yazd ikasoma arobaini ya wafu wa Tabriz. Serikali ilikuwa inaua watu kwenye matanga ya watu iliowaua, na kila tanga linazaa jingine. Huwezi kupiga marufuku arobaini. Chama unaweza.

Agosti 19 sinema ya Rex mjini Abadan iliteketezwa milango ikiwa imefungwa, wakafa watu wasiopungua 370. Wengi waliamini ni SAVAK, ingawa ushahidi uliofuata ulielekeza kwa wanaharakati wa kidini. Septemba 8 askari wakafyatulia umati risasi uwanja wa Jaleh, Tehran. Oktoba, Saddam Hussein akamfukuza Khomeini kutoka Iraq, naye akaenda kijiji cha Neauphle-le-Château karibu na Paris. Kutoka pale hotuba zake zilisomwa kwa simu, zikarekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikanakiliwa bazarini na kusambazwa na misikiti.

Kilichommaliza Shah hasa ni mgomo wa wafanyakazi wa mafuta. Nchi iliyokuwa ikitoa karibu mapipa milioni 6 kwa siku ilifikia mahali haina mafuta ya taa ya kupashia nyumba joto. Wafanyakazi hao, baadhi yao wakiwa na siasa za mrengo wa kushoto, ndio waliozima injini. Desemba, siku za Tasua na Ashura, maombolezo makubwa ya Kishia, mamilioni walitembea. Januari 16, 1979 Shah akaondoka. Februari 1 Khomeini akarudi. Februari 11 jeshi likatangaza kutofungamana na upande wowote, na ukawa mwisho wa ufalme.

Basi angalia mwezi Machi 1979 peke yake. Machi 5 umati mkubwa mno ulikwenda Ahmadabad kumkumbuka Mosaddegh. Machi 8, Siku ya Wanawake, maelfu ya wanawake waliandamana Tehran, kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu Khomeini alikuwa amesema wafanyakazi wanawake maofisini wajisitiri. Machi 30 na 31 ikawa kura ya maoni yenye swali moja: Jamhuri ya Kiislamu, ndiyo au hapana? Zaidi ya asilimia 98 wakasema ndiyo. Hakuna aliyekuwa ameeleza jamhuri hiyo ni kitu gani. Kila mtu alipigia kura ile aliyoiwaza kichwani.

Je, walidanganywa? Kiasi. Akiwa Ufaransa Khomeini aliwaambia waandishi kwamba mashehe hawatashika serikali. Lakini mwaka 1970 kule Najaf alikuwa ametoa mihadhara, ikachapishwa, akisema waziwazi kwamba utawala ni haki ya faqihi, mwanachuoni wa sheria. Aliyetaka kujua angeweza kujua. Wasomi wengi hawakuisoma, au waliisoma wakadhani ni mambo ya darasani, kwamba mzee atarudi Qom na wao watashika wizara.

Sehemu ninayoipenda, kwa uchungu, ni hii. Juni 1979 rasimu ya katiba ilitolewa. Haikuwa na cheo cha faqihi mtawala. Khomeini alikuwa tayari ipelekwe moja kwa moja kwa wananchi ipigiwe kura. Waliokataa ni wanademokrasia! Walisema, kwa haki kabisa, kwamba katiba lazima ijadiliwe na baraza la wajumbe waliochaguliwa. Uchaguzi ukafanyika Agosti, viti 73. Nani alikuwa na watu kila mtaa wa kumtangaza mgombea? Mashehe walichukua viti vingi mno. Rasimu ikaandikwa upya, faqihi akawekwa juu ya rais, bunge, mahakama na majeshi, na Baraza la Walinzi likapewa kazi ya kupitia kila muswada na kuamua nani anafaa kugombea. Ni kile kifungu cha Nuri cha 1907, sasa kikiwa na meno.

Kati ya kuandika na kupitisha, Novemba 4, wanafunzi waliteka ubalozi wa Marekani. Shah alikuwa amepokelewa New York kwa matibabu, na kila Mwirani mwenye umri alikumbuka 1953: mara ile alikimbia, ubalozi ukamrudisha. Hofu hiyo haikuwa ya kutunga. Lakini aliyefaidika nayo ni mmoja, Khomeini. Waziri mkuu Mehdi Bazargan, mtu wa wastani, alijiuzulu, na aliyepinga katiba mpya akaonekana kibaraka. Ilipitishwa Desemba. Mateka 52 walikaa siku 444. Kwa hiyo mwenzako wa ofisini mwambie hivi: Marekani haikuwapa mashehe nchi. Ila ilichofanya 1953 ndicho kilichowapa silaha nzuri kuliko bunduki dhidi ya kila Mwirani aliyetaka kuwapinga.

Vita vya Iraq, kuanzia Septemba 1980 hadi Agosti 1988, vilikamilisha kazi. Sitavieleza hapa, vina somo lao. Chini ya kivuli chake rais wa kwanza, Bani-Sadr, aliondolewa mwaka 1981, mabomu ya wapinzani yakaua viongozi wengi mwaka huohuo, magereza yakajaa, na mwaka 1988 maelfu ya wafungwa wa kisiasa wakanyongwa. Ayatollah Montazeri, aliyeteuliwa kumrithi Khomeini, alipinga mauaji hayo kwa barua na akapoteza urithi. Mwaka 1983 sheria ikaweka adhabu ya viboko hadi 74 kwa mwanamke asiyejifunika. Nilikuambia tutarudi kwenye hijabu. Reza Shah aliivua kwa polisi, jamhuri ikaivisha kwa polisi, na katika zote mbili mwenye kichwa hakuulizwa.

Binti yako atauliza, mbona basi waliofuata hawakufaulu? Khatami, mwanamageuzi, alipata urais kwa kura zaidi ya milioni 20 mwaka 1997. Wafuasi wake walishinda bunge pia, na magazeti yao yakafungwa mwaka 2000. Mwaka 2009 mamilioni waliandamana wakiuliza kura yao iko wapi. Novemba 2019 bei ya petroli ilipandishwa usiku mmoja, mamia wakauawa. Septemba 2022 Mahsa Amini, msichana wa Kikurdi wa miaka 22, alifia mikononi mwa polisi wa maadili, na kilio cha "Mwanamke, Maisha, Uhuru" kikaenea nchi nzima.

Warudishe wanafunzi kwenye ile mashine. Msikiti uliokuwa nje ya mkono wa mfalme sasa ndio serikali, na imamu wa Ijumaa wa kila mji huteuliwa na ofisi ya Kiongozi Mkuu, yaani yule faqihi. Bazari imepitwa na mashirika makubwa ya wakfu yaliyorithi mali za ukoo wa Pahlavi, na kampuni za Walinzi wa Mapinduzi, jeshi maalumu la kuilinda jamhuri. Wafanyakazi wa mafuta wengi huajiriwa kwa mikataba mifupi, na aliyegoma hubadilishwa. Mwaka 1906 mtu aliweza kulala kwenye bustani ya ubalozi. Mwaka 1978 kaseti ilipita mpakani ndani ya mkoba. Mwaka 2019 intaneti ya nchi nzima ilizimwa karibu wiki nzima. Waliofunga njia hizo walizifahamu vizuri, kwa kuwa ndizo walizopitia wao.

Mir-Hossein Mousavi alikuwa waziri mkuu wa jamhuri hiyo kwa sehemu kubwa ya vita na Iraq. Mwaka 2009 aligombea urais, akasema kura zimeibwa. Februari 2011 yeye na mkewe, Zahra Rahnavard, walifungiwa nyumbani kwao Tehran bila kufikishwa mahakamani. Mosaddegh alikaa Ahmadabad miaka kumi na kidogo. Mousavi aliipita hesabu hiyo akiwa ndani.